Injini ya hotirodi: anza na mwaka, kisha tafuta nyufa

Kazi yangu ni kuchonga bloku za injini. Nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye mashine ya kukerezea ya mjomba wangu, na sasa niko kusini mwa California katika karakana inayopokea injini zilizotoka kiwandani kabla wenye nazo hawajazaliwa. Kwa hiyo injini huwa naziona zikiwa zimeshanunuliwa. Mwenye nayo anaishusha kwenye pikapu akitabasamu, mimi naipima, halafu tabasamu linaisha. Siku hizi vijana wa kwetu walioko huku nao wameingia kwenye mchezo huu, wananipigia simu: "Kaka, nimepata bodi ya Ford ya 1930, niweke injini gani?" Swali ni zuri, ila wengi wanauliza wakiwa wameshalipa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona hotirodi, ni gari la zamani, aghalabu Ford ya kati ya 1928 na 1934, lililovuliwa madigadi na kila kizito kisicho na kazi, likafungwa injini yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Vijana wa huku walikuwa wakikimbizana nazo kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda SCTA, chama ambacho mpaka leo kinasimamia mbio hizo. Anayejenga kwa jadi anajibana kwa makusudi: anatumia vile tu ambavyo kijana wa enzi ile angevipata kwenye yadi ya skrepa au duka la vipuri vya mbio. Wengi huweka mpaka katikati ya miaka ya 1960.

Kwa sababu hiyo usianze na nguvu za farasi. Anayetaka nguvu tupu anunue injini ya Chevrolet 350 ya jana, aifunge, aondoke zake, wala sitamcheka. Wewe unayetaka ya jadi, kabla hujafungua tangazo lolote, amua gari lako linaishi mwaka gani. Ukisema 1939, una V8 ya Ford, kabureta mbili za Stromberg na basi. Ukisema 1948, una V8 ya Ford ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hedi za aluminiamu za Edelbrock au Offenhauser. Ukisema 1952, mlango umefunguka kwa Cadillac, Oldsmobile na Chrysler. Ukisema 1957, Chevrolet ndogo imeingia. Injini inaruhusiwa kuwa mzee kuliko mwaka uliouchagua. Kuwa changa hairuhusiwi. Wazee wa huku hawatakwambia kitu. Watazunguka gari lako mikono nyuma, macho yatatua kwenye alteneta uliyoifunga mahali pa dainamo, kisha watasogea kwenye gari la jirani.

Ford ya vali za pembeni

Hii ndiyo utakayoiona kila mahali, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Huku wanaiita flatihedi, kwa sababu vali zake zimekaa ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, na hedi yenyewe ni bapa, haina vali hata moja. Imefunika tu kama mfuniko wa sufuria. Ilitoka mwaka 1932 ikiwa na inchi za ujazo 221, yaani kama lita 3.6, na nguvu za farasi 65. Leo pikipiki inaipita. Lakini wakati ule silinda nane zilikuwa za matajiri, mpaka Henry Ford alipoweza kumimina bloku nzima ya V8 kwa kipande kimoja na kuiweka kwenye gari la mtu wa kawaida. Vita vilipokwisha, yadi za skrepa za Los Angeles zilikuwa zimejaa injini hizi, na vijana waliotoka jeshini walikuwa na mikono iliyozoea spana. Hata kwetu ilifika. Magari ya deraya ya Marmon-Herrington ambayo jeshi la Afrika Kusini liliyatumia katika vita vya kuwatoa Waitaliano Ethiopia mwaka 1941, wakipanda kutokea Kenya, yalisukumwa na V8 ya Ford. Kama babu yako alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, huenda aliisikia mlio kabla yangu.

Mnunuzi wa leo atakutana zaidi na koo mbili. Ya kwanza ni 59A, ya magari ya 1946 hadi 1948: inchi 239, nguvu za farasi 100. Itazame nyuma. Nusu ya nyumba ya klachi ni sehemu ya bloku yenyewe, na juu yake pamemiminwa namba 59. Mabomba ya maji yanatoka katikati ya hedi. Ya pili ni 8BA, ya 1949 hadi 1953: nyumba ya klachi inafunguka kwa boliti, maji yanatokea mbele ya hedi, na distribyuta imesimama wima kwa mbele. Ujazo ni uleule. Ndugu yake wa Mercury, chapa nyingine ya Ford, ana krenkshafti ya mwendo wa inchi 4 badala ya 3 na 3/4, ndiyo maana anafika inchi za ujazo 255. Krenkshafti hiyo inaingia ndani ya 59A na 8BA, na wauzaji wanajua bei yake. Mtu akikuambia ndani mna krenki ya Mercury, mwombe afungue hedi, zungusha taratibu, pima safari ya pistoni kwa rula kutoka chini mpaka juu. Rula haina maneno mengi.

Ipi uchukue? Kama chesisi yako ni ya Ford ya zamani na giaboksi yako ni ile ya 1939 inayopendwa na kila mtu, 59A inakaa bila vurugu. Lakini mimi huwa nawaelekeza watu kwenye 8BA iliyotoka kwenye lori. Ni bloku ileile, bei yake huwa ya kibinadamu kwa sababu haina jina, na malori yale yalikuwa na nyumba ya klachi ya chuma cha kumimina ambayo inaikubali giaboksi ya zamani moja kwa moja. Ukinunua injini ya lori, hakikisha nyumba hiyo inakuja nayo. Muuzaji akisema "nitaitafuta nikutumie", punguza bei pale pale.

Kuna jambo kuhusu 8BA linalowachosha watu bure. Distribyuta yake ya kiwandani haina vile vizito vya ndani vya kusogeza moto kadiri mwendo unavyopanda. Inategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta yake ya Holley peke yake. Ukiivua hiyo kabureta ukafunga Stromberg 97 mbili au tatu, distribyuta haipati tena ishara yake, gari linakuwa zito kama limebeba saruji, na mwenye nalo anashinda wiki nzima akichezea kabureta zisizo na kosa. Hesabu distribyuta nyingine kwenye bajeti tangu mwanzo.

Nyufa

Sasa tuje kwenye kinachonipa mkate. Moshi wa flatihedi hautoki silinda ukaenda nje. Unapita kwanza ndani ya bloku, katikati ya maji, ndipo ukutane na manifoldi. Tena silinda mbili za katikati za kila upande zinagawana tundu moja la kutolea moshi. Ndiyo sababu ya ule mlio wake mtamu, na ndiyo sababu ya joto. Chuma kilichopikwa hivyo kwa miaka sabini na zaidi hupasuka, na hupasuka mahali panapojulikana.

Ufa mdogo kutoka tundu la boliti ya hedi kwenda tundu la maji ni wa kawaida mno. Wengi wanaendesha nao, na fundi anaweza kuufunga kwa pini za nyuzi. Ufa kutoka kiti cha vali kuingia ukuta wa silinda ni habari nyingine. Unatengenezeka kwa kuweka slivu, yaani bomba jipya ndani ya silinda, na kiti kipya, lakini gharama yake mara nyingi inazidi bei ya bloku nyingine. Wa tatu ni ule ambao sisi watu wa pwani hatuna mazoea nao: gari liliachwa nje na maji ndani, baridi ikaja, maji yakaganda, yakapanuka, yakapasua ukuta wa nje. Huo tazama ubavuni, chini kidogo, karibu na mahali sampu inapofungwa. Ukiona mstari mnyoofu wenye kutu, au rangi mpya nene mahali hapo tu, sogea meza nyingine.

Ukienda gulio la vipuri vya magari ya zamani, iwe Pomona hapa California au Hershey kule Pennsylvania kila Oktoba, chukua tochi, brashi ya waya, rula, vibao vidogo vya kupimia tundu la silinda, spana ya plagi na wenzo mrefu wa kuzungushia krenki. Toa plagi zote. Mulika ndani. Kutu ya rangi ya chai juu ya pistoni moja tu inakuonyesha ni wapi maji yalikuwa yakiingilia. Legeza nati ya sampu kidogo tu: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kutoka. Kisha zungusha krenki. Muuzaji akisema ilikuwa inazunguka mwaka jana, maana yake haizunguki. Injini iliyoganda si maiti, nimefungua nyingi zikawa nzima ndani, lakini lipia bei ya injini iliyoganda, usilipie matumaini ya muuzaji.

Kama hedi ziko nje, pima tundu la silinda. La kiwandani kwa 239 na 255 ni inchi 3 na 3/16. Likiwa 3 na 5/16 limeshatanuliwa, bado linafaa sana. Likiwa 3 na 3/8, kwa bloku nyingi huo ndio mwisho, na safari ijayo ni slivu silinda zote nane. Pitisha ukucha juu ya silinda. Kama unakwama kwenye ngazi, nyama ya chuma imekwisha kiasi hicho na itabidi itanuliwe upya.

Macho hayatoshi. Ndiyo maana mpangilio wa pesa ni muhimu kuliko wingi wake. Kabla hujanunua hedi za kung'aa, kabla hujanunua manifoldi ya kabureta tatu, vua bloku mpaka iwe tupu, ichemshwe kwenye dawa, ipimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, ijazwe shinikizo, na unene wa kuta za silinda upimwe kwa mawimbi ya sauti. Jadiliana na muuzaji tangu mwanzo kwamba ikionekana na ufa mbaya anarudisha pesa au anabadilisha, na yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji wa kweli anakubali. Ninao wateja wenye sanduku zima la vipuri vya aluminiamu chumbani, vimefungwa kwenye magazeti, vinangoja bloku ambayo hawajaipata.

Na hili la kuchemsha lisikupite. Watu wanasema flatihedi inachemka kwa asili yake. Nimetoa ndani ya njia za maji mchanga wa kiwandani, ule wa kumiminia, umekaa humo tangu siku ya kwanza, pamoja na waya na kutu ya kujaza ndoo. Injini iliyosafishwa hivyo, yenye redieta nzima na pampu zote mbili nzima, inatulia hata foleni ya Agosti. Angalia tu usichanganye hedi na gasketi za 59A na 8BA, njia zao za maji hazilingani.

Zipo pia bloku za Ufaransa. Ford ya Marekani iliacha kuziweka kwenye magari yake 1953, lakini kule Simca walichukua kiwanda cha Ford mwaka 1954, na V8 hii ikaendelea kutumikia malori ya jeshi la Ufaransa kwa miaka mingi. Baadhi ya bloku hizo zimeingia huku zikiwa hazijatumika kabisa. Ni ghali. Ila ukijumlisha bloku ya Marekani pamoja na slivu, viti na vipimo, hesabu inaweza kukushangaza.

Zenye vali juu

Mwaka 1949 Cadillac walileta V8 ya inchi 331 na nguvu za farasi 160, Oldsmobile wakaleta Rocket ya 303 yenye 135. Weka hizo kando ya 100 za Ford utaelewa kwa nini vijana walianza kuvizia magari ya wakubwa yaliyogonga miti. Kwa anayejenga gari la 1950 hadi 1955, Oldsmobile ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ni ngumu, inavumilia, na haikuwahi kupata sifa ya kupandisha bei yake kama Chrysler. Toleo la inchi 324, la 1954 hadi 1956, likipatikana zima, lichukue.

Chrysler Hemi ya 1951, inchi 331 na nguvu 180, ni injini ya kupigia picha. Plagi zinazama katikati ya vifuniko vya vali, hedi pana kama mabega ya mchukuzi wa bandarini. Upana huo ndio shida: ndani ya Ford ya 1932 unaanza kugombana na boksi ya usukani na mabomba ya moshi, na uzito unapanda juu ya ekseli ya mbele iliyotengenezwa kwa kitu chepesi. Halafu nyumba ya klachi ya zile za mwanzo imerefushwa na kumiminwa pamoja na bloku, inahitaji adapta ya aina yake. Injini hizo hizo, nyingine, ziliwahi kufungwa kwenye ving'ora vya kutahadharisha mabomu wakati wa vita baridi. Zile za king'ora hazikwenda kilomita hata moja, lakini usidhani kukaa kimya juani ni mapumziko.

Buick Nailhead, kuanzia 1953 na inchi 322, ina vali zilizosimama karibu wima, kwa hiyo ni nyembamba na inaingia vizuri palipo finyu. Vali zake ni ndogo. Haipendi mizunguko mingi, inapenda kusukuma kutoka chini. Kwa gari jepesi hiyo si kasoro. Ford nao walitoa mrithi wa flatihedi 1954, wenye umbo la Y, na hapa sifichi upendeleo: usiichukue bila kufungua vifuniko vya roka. Oili ilikuwa na tabia ya kutofika juu, na shafti za roka zinakauka huku gari likiendelea kutembea vizuri tu.

Tunafika kwa Chevrolet ya 1955. Inchi 265, nguvu 162 kwa kabureta ya kawaida, 180 kwa ile ya midomo minne. Nyepesi, ndogo, rahisi, na ndiyo iliyoiua flatihedi kwenye mbio. Wanaopenda jadi wanainulia pua kwa sababu ukoo wake umejaa kila mahali mpaka leo. Mimi naona gari la 1957 au 1958 lenye Chevrolet 265 au 283 na manifoldi za moshi zenye umbo la pembe za kondoo ni la jadi kuliko flatihedi yenye feni ya umeme. Jua tu kwamba bloku ya 1955 haina mahali pa filta ya oili, na kwamba bloku za 1955 hadi 1957 zinashikwa kwa mbele, hazina mashikio ya ubavuni. Hayo yalikuja 1958. Ukiwa na chesisi ya Ford, mashikio ya mbele yanaweza hata kukurahisishia kazi. Ukiona injini inauzwa kama 265 na ina mashikio ubavuni, unauziwa kitu kingine.

Kinachobeba injini

Giaboksi ya Ford ya 1939 inavumilia flatihedi. Nyuma ya Oldsmobile, na mguu mzito, itakuachia meno barabarani. Ford mpaka 1948 walifunika propela shafti ndani ya bomba linalosukuma chesisi, kwa hiyo kubadilisha giaboksi kunakupeleka mpaka kwenye difu, na difu inakupeleka kwenye breki. Model A, ile Ford ya 1928 hadi 1931, ilitoka na breki za kuvutwa kwa fito za chuma na nguvu za farasi 40. Ford hawakuweka breki za oili mpaka 1939. Ukinunua injini ya nguvu 160, umenunua pia ngoma za breki, silinda kuu na mabomba yake. Pima na nafasi: kutoka ukuta wa dashibodi hadi redieta, feni ikiwemo, na kumbuka Chevrolet distribyuta yake iko nyuma, inaweza kugonga ukuta.

Kama bajeti ni ndogo na Model A yako bado ina injini yake ya silinda nne, inchi 200 na nusu, sikushauri uitupe haraka. Vijana wa mwanzo kabisa walizikimbiza hizo hizo, wakabadilisha hedi, kabureta na kamshafti. Beringi zake ni za risasi nyeupe inayomiminwa papo hapo kisha inachongwa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo wanapungua, kwa hiyo mtafute fundi kabla ya kutafuta vipuri.

Na ukiamua kuitoa, usiiuze bado. Namba ya Model A imepigwa kwenye bloku yenyewe, upande wa kushoto, kwenye kibao juu ya mahali maji yanapoingilia, na kadi nyingi za umiliki zimeandikwa namba hiyo ya injini. Namba ya kwenye chesisi imefichwa chini ya bodi. Safisha zote mbili, zipige picha, linganisha na kadi, malizana na ofisi ya magari ya jimbo lako, ndipo injini ya zamani itoke uani.